Udalali wa Nyumba: Tupatane Kabla ya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli, Kisumu)

Twawashukuru hasa wale waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja bila kulala. Leo hatukuja kusema habari ya mishahara ya reli wala saa za kazi. Tumekuja kusema habari ya ujira wa mtu mwingine, yaani dalali wa nyumba. Kwa maana siku mwanachama anapouza nyumba yake, siku hiyo yeye ndiye mwajiri, na tumeona kwamba wengi wetu hatujui kuajiri. Twajua kuajiriwa tu.

Kwanza tuelewane ni nyumba gani tunayoisema. Hatusemi habari ya dala. Dala ni pale walipozikwa wazee, na mambo yake yana wenyewe. Twasema habari ya nyumba ya mji, huku Manyatta, Nyalenda, Migosi, Nyamasaria, Mamboleo na kwingineko.

Tangu reli ilipofika ziwani Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence, watu wa reli wengi wamekaa katika nyumba za reli. Nyumba ya reli si mali ya mfanya kazi. Akiacha kazi huacha na ufunguo. Kwa hiyo wazee wetu hawakuzoea kuuza nyumba. Lakini mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, wengi waliachishwa kazi, na baadhi yao walitia malipo yao katika viwanja hapa mjini wakajenga. Sasa wamezeeka. Mmoja ataka kurudi Seme, mwingine Nyakach, mwingine Vihiga, na nyumba zao zatafuta wanunuzi. Kwa wengi hiyo ndiyo akiba yote ya maisha, na huuzwa mara moja tu. Ukikosea katika kuuza, hakuna mwezi ujao wa kurekebisha kama vile mshahara uliokosewa hesabu.

Basi tusikilize yaliyompata mzee wetu mmoja. Jina lake hatulitaji, maana yu hai na hataki kuchekwa. Alikuwa fundi wa mabehewa. Alikuwa na nyumba yake Manyatta, na vyumba vichache vya kupangisha nyuma ya nyumba. Alipotaka kuuza, kijana mmoja dalali alimjia akamwuliza, "Mzee, wewe wataka ngapi mkononi?" Mzee akafikiri, akasema, "Nataka shilingi 2,400,000 safi." Kijana akasema, "Basi hizo utazipata zote. Mimi sitakudai hata senti moja."

Mzee alifurahi. Alikuja hapa akatuambia amepata dalali wa bure, na sisi tulimpongeza. Hatukumwuliza neno lo lote. Kosa hilo ni letu pia.

Baada ya miezi miwili nyumba ikauzwa. Mzee akapata 2,400,000 yake kama alivyoahidiwa. Siku moja mnunuzi, ambaye ni mwalimu na mtu wa adabu, alimtembelea kumwuliza bomba la maji hufungwa wapi. Wakakaa wakanywa chai. Mwalimu akasema, "Mzee, kwa milioni tatu nilidhani tangi lingebaki pamoja na nyumba." Mzee akaweka kikombe chini. Kumbe mwalimu alikuwa ametoa 3,000,000. Katika mkataba iliandikwa 2,400,000, na ile 600,000 alimpa kijana mkononi, akiambiwa ni "gharama za kule ofisini".

Ndugu, tufanye hesabu pamoja. Shilingi 600,000 katika 3,000,000 ni 20 kwa mia. Kama mzee angekubali kulipa udalali wa 3 kwa mia juu ya bei yote, angelipa 90,000, naye angebakiwa na 2,910,000. Kwa kukubali dalali wa bure amepoteza 510,000. Hizo ni karo za wajukuu na paa la dala.

Tulipomwambia twende tukamshtaki yule kijana, mzee alijibu, "Mtamshtaki kwa neno gani? Niliulizwa nataka ngapi, nikasema mwenyewe." Hakuna karatasi. Sheria yasema wakala asijifanyie faida ya siri katika mali ya mtu aliyemtuma. Lakini bila karatasi, nani atathibitisha kwamba alitumwa, na alitumwa kwa bei gani? Tena yapo mabaya zaidi: mzee ametia sahihi mkataba wenye bei isiyo ya kweli, na siku watu wa kodi wakiuliza, watauliza yeye aliyetia sahihi.

Desturi hii mjini huitwa "cha juu". Dalali humwuliza mwenye nyumba bei yake, kisha huongeza juu yake kadiri apendavyo, na kilichozidi ni chake. Si desturi ya Kisumu peke yake. Wavuvi wetu wa Dunga na Usenge waijua vizuri: asiyejua samaki hununuliwa bei gani kiwandani, huambiwa bei pale ufukoni na kushukuru. Anayejua bei ya kiwanda hauzi sawasawa na asiyejua, ingawa samaki ni mmoja.

Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: udalali ni ujira, na ujira hupatanwa kabla ya kazi, kwa wazi, na kwa maandishi. Sisi watu wa chama hatuhitaji kufundishwa neno hili. Ndilo neno tulilolidai reli. Kilichobaki ni kulishika hata tunapokuwa upande wa pili wa meza.

Sasa tuseme juu ya kiasi. Hapa mjini tumesikia wakitaja 3 kwa mia, wengine 5, na kwa viwanja vitupu hata 10. Mwanachama husikia "3 kwa mia" akadhani ni amri, kama nauli iliyopigwa chapa katika tikiti. Dalali akikuambia, "Mzee, hii ni sheria," mwambie kwa upole akuonyeshe kifungu. Na kama ni desturi tu, desturi hujadiliwa.

Huko Marekani walijifunza neno hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi mwenye kuuza nyumba alizoea kulipa 5 au 6 kwa mia, na fedha hizo ziligawanywa kati ya dalali wake na dalali wa mnunuzi. Watu wengi walilipa bila kuuliza, wakiona kwamba ndivyo ilivyo. Oktoba 2023, katika jimbo la Missouri, wauza nyumba walishinda kesi. Jopo la raia katika mahakama liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali pamoja na makampuni makubwa walikuwa wameshirikiana kuzishikilia ada hizo zisishuke, na hasara ikahesabiwa karibu dola milioni 1,800. Machi 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu Agosti 2024 dalali wa mnunuzi hana budi kuandikiana na mteja wake kabla ya kumwonyesha nyumba, na waeleze wazi malipo ni kiasi gani. Watu wale wana shule nyingi kuliko sisi, na hata hivyo walilipa miaka mingi pasipo kuuliza. Basi tusione haya kuuliza.

Lakini kupatana si kusema tu "punguza, punguza". Tazameni jambo hili. Dalali alipwaye 3 kwa mia, akiuza kwa 3,000,000 hupata 90,000. Akihangaika mwezi mmoja zaidi akauza kwa 3,200,000, hupata 96,000. Yaani wewe mwenye nyumba umeongezewa karibu 194,000, naye ameongezewa 6,000 tu kwa mwezi mzima wa kutembea. Nani kati yetu angefanya kazi ya ziada kwa malipo hayo? Ndiyo sababu dalali hukuhimiza, "Mzee, kubali tu, soko ni baya." Pengine soko si baya. Pengine ujira wake ndio umepangwa vibaya.

Kwa hiyo iko njia nyingine. Mwambie: mpaka 2,800,000 nitakulipa 2 kwa mia, na kila shilingi itakayozidi hapo, nitakupa 10 kwa mia yake. Hesabu ni hii. Akiuza kwa 2,800,000 apata 56,000. Akiuza kwa 3,000,000 apata 56,000 na 20,000, jumla 76,000. Akiuza kwa 3,200,000 apata 56,000 na 40,000, jumla 96,000, sawasawa na ile 3 kwa mia. Hapo ana sababu ya kuvuta bei juu, nawe wajua kila shilingi iliyolipwa. Hiyo ndiyo "cha juu" ya haki: iko mezani na kila mmoja aiona.

Nguvu ya kupatana hutoka wapi? Reli tulijifunza kwamba asiyejiandaa huingia mkutanoni akatoka na ahadi tupu. Kwa nyumba ni vivyo hivyo. Kabla hujamwita dalali, jua bei. Uliza majirani watatu ni nyumba zipi zimeuzwa na kwa ngapi. Ukiweza, mlipe mpima thamani aliyeandikishwa. Kisha tengeneza karatasi zako. Hati iwe kwa jina lako. Katika Manyatta na Nyalenda ziko hati nyingi ambazo bado zina jina la babu aliyekufa zamani, na mpaka mirathi iishe mahakamani hakuna atakayeweza kuhamisha ardhi ile. Lipa kodi ya ardhi ya kaunti upate cheti. Tena, tangu sheria za ardhi za 2012, nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzi wa ndoa kukubali. Basi zungumza nyumbani kwanza, usije ukaaibika mbele ya wakili. Na kama ni shamba, siyo kiwanja cha mji, hapana budi upate ruhusa ya Bodi ya Ardhi kwa Sheria ya 1967, na maombi yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano. Bila hiyo mapatano ni bure.

Mwenye karatasi safi amempunguzia dalali kazi, naye aweza kusema, "Kazi iliyobaki ni kumleta mnunuzi tu, kwa hiyo 3 ni nyingi, tuseme 2." Lakini kama karatasi zako zimechafuka na dalali ndiye atakayezunguka ofisi, basi na yeye ana haki ya kutaka zaidi.

Mwulize tena dalali kama ameandikishwa. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, nayo yataka kila afanyaye kazi hiyo aandikishwe na bodi yake, na kufanya pasipo kuandikishwa ni kosa. Twajua kwamba wengi wanaokaa chini ya miti wakingojea wateja hawakuandikishwa. Hatusemi wote ni waovu. Lakini aliyeandikishwa ana mahali pa kushtakiwa, na asiyeandikishwa ana simu tu, na simu hufungwa.

Halafu iko habari ya lini alipwe. Kwa desturi mnunuzi hutoa 10 kwa mia siku ya kutia sahihi, na mara nyingi hupewa siku 90 amalize. Madalali wengi hutaka udalali wote siku ile ya kwanza. Tazama: nyumba ya 3,000,000, malipo ya kwanza ni 300,000, na dalali ataka 90,000 katika hizo. Mnunuzi akishindwa kumaliza, fedha za dalali zimekwenda. Sisi twasema, alipwe siku fedha zote zimeingia. Au akiwa na shida, apewe nusu siku ya kwanza na nusu mwisho. Na fedha za nyumba zipitie kwa wakili au benki, zisipite mkononi mwa dalali hata kidogo.

Mwulize pia, "Je, na mnunuzi anakulipa?" Maana wako walao pande mbili. Mtu hawezi kuwa mjumbe wa wafanya kazi na mjumbe wa mwajiri katika mkutano mmoja, na mifuko yote miwili ikajaa. Kama alipwa na mnunuzi, aseme, na wewe upunguze upande wako. Uliza tena kama bei yake ina kodi ya VAT ndani, ambayo ni 16 kwa mia ya ujira wake ikiwa ameandikishwa kwa kodi hiyo. Wengine husema "3" na siku ya mwisho huleta karatasi yenye nyongeza.

Na udai risiti. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza ardhi na nyumba ni 15 kwa mia ya faida, kutoka 5 ya zamani. Nyumba uliyokaa mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa kodi hiyo, lakini vyumba vya kupangisha havisamehewi hivyo. Katika kuhesabu faida, udalali uliolipa huondolewa, mradi uwe na risiti yake. Dalali wa "cha juu" hakupi risiti.

Sasa, ndugu, hatutakuwa watu wa haki tukisimulia makosa ya madalali na kuficha ya kwetu. Iko habari ya pili, nayo ni ngumu kuisema katika mkutano huu.

Mwanachama mwenzetu mwingine alimwita dalali kijana wa Kondele. Walipatana kwa mdomo shilingi 60,000. Yule kijana alimleta mnunuzi mara tatu, akilipa boda boda kwa fedha yake, na mara moja mvua iliwanyea wote wawili mpaka wakalala njaa Nyamasaria. Mnunuzi alipopenda nyumba, mwenzetu akamnong'oneza, "Njoo Jumapili peke yako, tutaondoa za dalali, nami nitakupunguzia." Jumapili wakamaliza. Kijana alipopiga simu aliambiwa, "Nimebadili nia, siuzi tena."

Alipojua ukweli hakuenda polisi. Alikuja hapa, kwenye ofisi ya chama. Alisimama pale mlangoni akasema, "Nimesikia ninyi ni watu wanaotetea wafanya kazi. Mimi nilifanya kazi, na mwajiri wangu ni mtu wenu."

Twakiri kwamba baadhi yetu tulicheka. Mmoja akasema dalali si mfanya kazi. Mwingine akasema hakuna maandishi, basi hakuna deni. Ndipo mzee mmoja wa kamati akauliza, "Bwana mkubwa wa reli alipotuambia kwamba saa za ziada hazikuandikwa, sisi tulisemaje?" Tukanyamaza wote. Katika misheni tulifundishwa tangu darasa la pili kwamba mtu aliyefanya kazi hanyimwi malipo yake, na hakuna aliyetuambia kwamba neno hilo ni kwa watu wa reli peke yao.

Tulimwita mwenzetu. Alikasirika sana, akasema chama kimemgeuka. Mwishoni alilipa 20,000, na baada ya mwezi 20,000 nyingine. Bado 20,000. Yumo humu ndani leo, naye ametupa ruhusa kuisema habari hii bila jina. Twamshukuru kwa hilo, na twamkumbusha hiyo iliyobaki.

Mwaona basi habari hizi mbili ni moja. Katika ya kwanza dalali alimla mwenye nyumba kwa sababu hakuna lililoandikwa. Katika ya pili mwenye nyumba alimla dalali kwa sababu ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

Pengine mtu atasema, "Naona haya kumwekea kijana karatasi mbele, ataona simwamini." Tuliwahi kumsindikiza mama mmoja, mjane wa mwenzetu, kwenda kupatana, na maneno yalikuwa hivi.

Dalali alisema, "Mama, sisi ni kama watoto wako. Karatasi ya nini?"

Mama akamjibu, "Mwanangu, ni kwa kuwa u mtoto wangu. Mimi ni mzee, naweza kusahau nilikuahidi ngapi. Sitaki ulie."

Kijana akacheka. Akasema, "Basi Mama, andika 4 kwa mia."

"Karatasi zangu ni safi, na bei naijua. Nitaandika 2."

"Mama, 2 haitoshi hata mafuta ya pikipiki."

"Basi 2 na nusu, na ukipita bei ile tuliyosema, utapata 10 kwa mia ya kilichozidi. Lakini mnunuzi asikupe kitu."

Kijana alifikiri kidogo, akatoa kalamu mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nyumba iliuzwa katika mwezi wa tatu, kila mmoja akapata chake, na yule kijana humsalimu Mama mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuuza, yaandikwe haya katika karatasi moja, nakala mbili, sahihi mbili na shahidi:

1. Jina la dalali, namba ya kitambulisho chake, na namba yake ya kuandikishwa.

2. Nyumba ni ipi, na bei ya chini ambayo haitavukwa bila idhini yako.

3. Udalali ni kiasi gani, wahesabiwa juu ya bei gani, na kama VAT imo ndani.

4. Kwamba bei yote aliyotoa mnunuzi itaandikwa katika mkataba, na hakuna "cha juu".

5. Kwamba hatapokea cho chote kwa mnunuzi bila kukuambia.

6. Atalipwa lini, nawe utapewa risiti.

7. Mapatano ni ya miezi mingapi. Miezi mitatu yatosha. Na kama ni dalali mmoja tu au wengi, lisemwe, maana madalali watatu wakidai mnunuzi mmoja, hapo ni vita.

8. Majina ya wanunuzi aliowaleta yaandikwe kila aletapo. Ukimwuzia mmoja wao, hata baada ya muda kwisha kidogo, ujira wake ulipwe. Ukimwuzia ndugu yako uliyemtafuta mwenyewe, usilipe.

Mkataba wa kuuza nyumba wenyewe ni kazi ya wakili, na sheria yataka uwe wa maandishi wenye sahihi na mashahidi. Usimwachie dalali auandike, na usitie sahihi karatasi ambayo bei yake hukuisoma kwa macho yako.

Mwanachama anayetaka kuuza na aje ofisini kabla hajamwambia mtu ye yote bei yake. Hatutamtoza kitu. Tutakaa naye, tutafanya hesabu, na akitaka tutampa watu wawili wa kumsindikiza siku ya kupatana. Mzee wa Manyatta amekubali kuwa mmoja wao. Amesema kazi yake itakuwa neno moja tu: dalali akiuliza, "Mzee, wataka ngapi mkononi?", yeye atajibu, "Wewe kwanza, wataka ngapi kwa kazi yako?"

Ndugu wanachama, hatukuwaambia mwachukie madalali. Ni watu wa kutafuta kula kama sisi, na nyumba nyingi zisingeuzwa bila miguu yao. Tuliyoyadai kwa mwajiri wetu, tuyatimize kwa mtu tuliyemwajiri. Na yale ambayo hatukubali kufanyiwa na mwajiri, tusikubali kufanyiwa na dalali.

Umoja ni nguvu.